KWENDA MILIMA YA TAITA BILA GARI

Kila chama chetu kinapopanga safari, neno la kwanza kutajwa huwa ni "basi". Bei ya kukodi basi ikishapigwa hesabu, nusu ya majina yanafutwa, na mara nyingine safari yote inafia hapo hapo. Tunabaki kusoma habari za mvua ya milima kwenye kitabu cha Jiografia, ilhali milima yenyewe iko umbali wa kilomita 150 na ushee kutoka hapa Mikindani. Kuna wanaodhani kwamba mlima ni wa watalii wenye Land Rover. Si kweli. Wataita wengi hawana magari, na kila siku wanakwenda shule, sokoni na hospitali. Wao wanafanyaje? Hilo ndilo nitakalolieleza.

Kwanza tujue tunakokwenda. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania. Kwa upande wa Kenya, tao hilo lina Taita tu. Kilele kirefu zaidi ni Vuria, chenye mita 2,208. Mji wa kufikia ni Wundanyi, mji mdogo ulio juu ya mita 1,300. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupita nyika kavu ya Taru bila kuangusha mvua nyingi. Ukikumbana na milima hii hulazimika kupanda, unapoa, na mvuke wake unakuwa ukungu na mvua. Ndiyo maana huko juu kabichi zinastawi, na nyingine huteremshwa hadi soko la Kongowea. Basi kama kabichi inafika Mombasa, sisi tutashindwaje kufika kwao?

Safari ina vipande viwili. Cha kwanza ni Mikindani hadi Voi. Sisi watu wa bara ya magharibi tuna bahati, kwa sababu treni ya abiria iliyoanza mwaka 2017 inaondokea Miritini, jirani yetu kabisa. Ila angalieni: si kila treni inasimama Voi. Ulizeni ile inayosimama vituo vya njiani, mkate tiketi mapema, na mwende na vitambulisho. Kituo cha Voi hakiko katikati ya mji, kwa hivyo wekeni kando pesa za kufika steji. Njia nyingine ni basi au matatu zinazopita barabara kuu ya Nairobi. Hizi hazina ratiba kali kama treni, na zinakushusha mjini.

Kipande cha pili ni Voi hadi Wundanyi, na hapa ndipo mlima unapoanza. Matatu inafuata barabara ya Taveta mpaka Mwatate, kama kilomita 25. Njia hiyo ina historia: mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta wapate kupeleka askari na silaha dhidi ya Wajerumani. Kutoka Mwatate gari linakunja na kuanza kupanda kona juu ya kona. Anayetapika kwenye gari akae mbele na asijaze tumbo.

Sasa lazima tuelewe tabia ya matatu za milimani. Haziondoki kwa saa, zinaondoka zikijaa. Asubuhi watu wengi wa milimani wanateremka kwenda kazini na sokoni, na jioni wanarudi. Mgeni anayepanda asubuhi anakwenda kinyume na wenyeji, basi ajue huenda akangoja gari lijae. Siku ya kurudi mambo ni mazuri zaidi, kwani ukidamka mapema unateremka pamoja nao. Kosa kubwa ni kungoja gari la mwisho. Jua likikaribia kuzama magari yanapungua, ukungu unashuka, na nauli inakuwa ya kubembelezana. Pangeni kuondoka mlimani kabla ya saa sita mchana. Nauli zenyewe sitaziandika, maana zinapanda kila sikukuu. Ulizeni abiria mwenzenu kabla ya kumuuliza makanga.

Ukishafika Wundanyi, gari lako ni miguu. Barabara huzunguka mlima, lakini kijia cha wenyeji hukata moja kwa moja kutoka boma hadi boma. Msihesabu mwendo wa mlimani kama wa kutoka hapa hadi Changamwe. Kanuni inayotumiwa na wapanda milima ni hii: hesabu kilomita 5 kwa saa, kisha kwa kila mita 100 unazopanda ongeza dakika 10. Tuseme unatoka mahali penye mita 1,400 na unakwenda kileleni Vuria. Utapanda mita 800 hivi, yaani dakika 80 za kupanda peke yake, na bado hujahesabu urefu wa njia. Kundi la wanafunzi huenda kwa mwendo wa yule aliye wa mwisho. Mweke huyo mbele, hatapotea wala hataachwa.

Bodaboda zipo, na zinafaa kwa kupandisha mizigo. Lakini mvua ikinyesha, udongo wa huko unateleza kama sabuni. Patana bei kwanza, dai kofia ya kujikinga, na mpande mmoja mmoja. Hiyo ya "tubebane watatu tuokoe pesa" imewavunja wengi miguu.

Halafu nguo. Kwa wastani, joto hushuka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mikindani ikiwa na nyuzi 31, Vuria mchana huo huenda ikawa na 18, na usiku ni baridi kweli kweli. Chukueni sweta, viatu vyenye meno, na koti la mvua hata kama huku kwetu kunawaka jua.

Mtauliza, taabu yote hii ya nini? Jibu liko msituni. Juu ya Wundanyi kuna msitu wa Ngangao, kama hekta 120 tu. Huo, pamoja na Mbololo na vingine vidogo, ni masalio ya msitu mkubwa uliokatwa kupisha mashamba. Katika masalio hayo wanaishi ndege wasiopatikana kwingine kokote duniani, kama kuruwiji wa Taita. Msitu wenyewe haupitiki kwa gari, na mngurumo wa injini huwafukuza ndege. Anayeuona ni yule anayetembea polepole, amenyamaza, ameongozwa na mwenyeji na ameomba ruhusa kwa ofisi ya misitu. Mwenye gari naye, akifika hapo, hana budi kushuka.

Kwa hivyo, walimu wetu, tunaomba safari ijayo isipimwe kwa bei ya basi la kukodi. Ipimwe kwa nauli za kawaida, watu wazima wa kutuongoza, na makundi madogo yanayoenea kwenye matatu moja. Hapo hata yule ambaye jina lake hufutwa kila mwaka atafika. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Sisi miguu tunayo.