Utatuzi wa Hitilafu za Usanidi katika Uandikaji wa Makosa ya Programu kwenye Hifadhidata: Mfano wa log4net

Jedwali tupu la makosa si ithibati kwamba programu haina makosa. Katika log4net, kijenzi cha AdoNetAppender, kwa chaguo-msingi, hukusanya matukio 512 kabla ya kuyaandika kwenye hifadhidata. Programu ikizimika ghafla, yaliyokuwa yakisubiri hupotea. Aidha, muunganisho ukishindikana, log4net huiacha programu iendelee, hivyo kasoro hujificha. Kwa hiyo, mchunguzi aanze kwa kuweka bufferSize kuwa 1 ili kila tukio liandikwe papo hapo, kisha awashe log4net.Internal.Debug ili maktaba ieleze hitilafu zake yenyewe. Baadaye ahakiki maelezo ya muunganisho, ruhusa ya kuingiza data, na ulinganifu wa vigezo na safuwima. Chanzo kikishabainika, bafa irejeshwe kwa kuzingatia idadi ya matukio yanayoweza kupotea bila madhara.