Mchakamchaka wa Lushoto: Usiupande mlima kwa pupa

KILA shule zinapofungwa, familia nyingi za Tanga na Dar es Salaam hupanda Lushoto kulikimbia joto. Asubuhi ya kwanza, baada ya Swala ya Alfajiri, baba anavaa raba na kuwaambia vijana: “Twendeni mchakamchaka hadi Irente!” Baba huyu ana miaka hamsini, na mwaka mzima hakukimbia hata kuwahi daladala. Leo tunazungumza naye, na mama watoto wake asikilize.

Kwanza tuuelewe mlima wenyewe. Mji wa Lushoto upo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa kiasi cha asilimia 15 ukilinganisha na pumzi ya Tanga mjini. Kwenye kilele cha Magamba, kilicho juu ya mita 2,200, upungufu unakaribia robo. Moyo hulazimika kudunda haraka ili kufidia. Kwa kijana mwenye afya hayo ni mazoezi tu. Kwa mwenye presha ambaye hajawahi kuipima, hapo ndipo penye hatari. Mzee wetu John Stephen Akhwari alibanwa na misuli kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mji ulio kwenye kimo kama hicho cha Magamba, kisha akaanguka na kuumia goti. Alimaliza, lakini wa mwisho. Huyo alikuwa mwanariadha wa taifa.

Basi pima presha na sukari kabla ya safari. Siku mbili za mwanzo tembea tu. Siku ya tatu changanya: kimbia dakika moja, tembea mbili. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza mwendo. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani si ya kuambiwa “utazoea”. Simama, utafute gari la kukupeleka hospitali.

Njia ya Irente ni kilomita tano hivi kutoka mjini, na ukirudi kupitia Yoghoi unapata mzunguko mzuri katikati ya mashamba. Pale kwenye mwamba unaiona Mazinde chini kabisa na nyika ya Wamasai mbele yako, maa shaa Allah. Watoto washikwe mikono, maana mwamba unakatika ghafla. Msitu wa Magamba ni mgumu zaidi. Wengine huuita hifadhi ya taifa, lakini siyo. Ni hifadhi ya mazingira asilia. Humo utawaona mbega wakiruka mitini, ila chukua mwongozaji, kwa sababu ukungu ukishuka njia zote zinafanana. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo wake unateleza kama sabuni, na sisi hatumshauri mtu kukimbia humo.

Watu huogopa kupanda, kumbe mwenye kuumiza ni mteremko. Unaposhuka, msuli wa paja unavutwa huku ukijikaza kukuzuia usianguke, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu makali huja kesho yake au keshokutwa, mpaka kurukuu kunakuwa kazi. Piga hatua fupi, goti likunjwe kidogo, usijiachie.

Akina mama nao wasiachwe nyumbani. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha. Suruali pana chini ya vazi refu lisilofagia ardhi linatosha, na mtandio ufungwe usikamatwe na miiba.

Sasa usafi. Anayetawadha mara tano kisha akaingiza miguu mibichi kwenye soksi na raba anafuga fangasi. Kausha katikati ya vidole, badili soksi kila siku, kata kucha fupi. Lengelenge usilipasue, lisafishe, lifunike. Maji ya kijito hata yakiwa maangavu yachemshwe, kwani juu yake kuna vijiji na mifugo.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni, maelfu waliugua. Ugonjwa huu huenezwa na viroboto wa panya. Mtoto akimkuta panya amekufa njiani asimguse wala kumpiga teke. Homa kali pamoja na tezi kuvimba kinenani au kwapani ni ya kuwahi hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa zake zipo na hutibu zikianzwa mapema.

Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini asikimbie kabla hajala. Mfukoni awe na tende chache, na mtu mmoja katika msafara ajue alikoziweka.