Kikompyuta cha Mkononi Kinapokosa Mzizi wa Mafaili Yake

Katika mwaka 2000 kampuni ya Compaq ilitoa kikompyuta cha mkononi kiitwacho iPAQ H3600, chenye prosesa ya StrongARM ya megahezi 206 na kumbukumbu ya flashi ya megabaiti 16 tu. Na haukupita muda mrefu kabla ya wataalamu kukitia mfumo wa Linux, jambo ambalo wanunuzi wa kawaida hawakulitazamia. Megabaiti 16 hazimtoshi mtu atungaye na kujaribu programu kutwa kucha, na kuiandika upya flashi kwa kila badiliko dogo ni kuichakaza bure. Ndipo mafundi wakaona heri mafaili yote yakae katika kompyuta kubwa iliyo mezani, nacho kikompyuta kiyafikie kwa njia ya mtandao, kwa itifaki ya NFS iliyotoka katika kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Mpango huu ni mwema, ila unaidai kerneli, yaani kiini cha Linux, jambo zito: izungumze na mtandao kabla haijapata faili hata moja, na karibu kila hitilafu nitakayoieleza hapa asili yake ni sharti hilo.

Rai yangu kwa anayetafuta kosa ni kwamba asiusadiki mno mstari wa mwisho wa maneno ya kerneli. Kerneli inapotangaza kuwa imeshindwa kabisa na kusimama, hilo ni tangazo la msiba tu, wala halitaji maradhi. Tena kerneli nyingi za zamani, zikikosa mzizi wa mafaili mtandaoni, husema kwamba sasa zinajaribu diski laini, na fundi mgeni akafadhaika kutafuta diski ambayo kifaa hicho hakikuwa nayo tangu kuumbwa kwake. Sababu ya kweli aghalabu imeandikwa mistari kadhaa juu yake, na kwa kuwa kioo wakati huo huwa bado kiza, sharti isomwe kwa kebo ya siriali, kasi ikiwa 115200, na kerneli iwe imeagizwa kwa maneno console=ttySA0,115200. Ikiwa imesema kwamba imekwisha kujifumua, kisha kimya, mtandao hauna hatia: ama konsoli imeelekezwa kwenye mlango mwingine, ama kerneli haikuundwa kwa mashine hiyo, kwani katika prosesa za ARM za zama zile programu ya kuamshia huikabidhi kerneli nambari ya mashine, nayo isipoitambua husimama kabla haijajua kusema.

Ikisema haikuona kifaa chochote cha mtandao, hapo pana fumbo linalostahili subira. Wengi walitumia kadi ya mtandao iliyochomekwa katika ala ya nyuma ya iPAQ. Lakini katika kerneli za toleo la 2.4 kadi hiyo ilitambulishwa na programu iitwayo cardmgr, ambayo ni faili, na faili liko ng'ambo ya mtandao, na mtandao unaingoja kadi. Duara hilo hukatwa kwa kuipa kerneli mzizi mdogo wa muda ndani ya kumbukumbu, wenye cardmgr ndani yake, au kwa kuiacha kadi na kutumia kebo ya USB. Kwa vyovyote vile, uwezo wa NFS, wa kujipangia anwani, na wa kuendesha kifaa chenyewe cha mtandao, usipowekwa katika mzizi huo wa muda, lazima ufumwe ndani ya kerneli, usiachwe kuwa moduli, maana moduli nayo ni faili.

Kebo ya USB ina hila yake. Dereva ya g_ether hubuni anwani mpya ya kifaa kila inapoamka isipopewa ya kudumu, basi kompyuta ya mezani humwona kila mara mgeni asiyejulikana na huenda isimpangie chochote. Dawa ni kuzitaja dev_addr na host_addr waziwazi.

Mtandao ukiisha kusimama, kerneli hujibu kwa nambari, nazo ni amana ya thamani. Hasi 101 maana yake hapana njia ya kufika huko. Hasi 110 ni kungoja hadi muda ukaisha, na mara nyingi ukuta wa ulinzi umeuacha wazi mlango 2049 ukasahau ule wa 111, pamoja na mlango wa mountd ambao waweza kubadilika kila seva, yaani ile kompyuta ya mezani, iwashwapo. Hasi 13 ni kunyimwa ruhusa: tazama faili la /etc/exports la seva kama anwani ya kikompyuta imo. Hasi 2 ni kwamba saraka haipo; na ukiona kerneli inataja /tftpboot ambayo hukuiandika popote, yaelekea nfsroot= haikuifikia, nayo imerudia ada yake ya asili.

Mzizi ukipatikana, bado kuna mitego. Aliyenakili mafaili bila mamlaka ya root hupoteza /dev/console, yenye nambari 5 na 1, na mfumo huendelea bila sauti. Aliyenakili ya kompyuta ya mezani amempa ARM init, programu ya kwanza ya mfumo, asiyoweza kuitekeleza. Lakini lililowatesa mafundi wengi zaidi ni hili: kila kitu huenda sawa, huduma zaanza kuamka moja moja, kisha kifaa huganda ghafla bila neno la kosa, au seva ikatajwa kuwa haijibu. Hapo skripti za kuamsha mtandao, zilizomo ndani ya mzizi wenyewe, zimeizima usb0, yaani njia ya mtandao ya kebo ya USB, ili ziipange upya, na kwa kuizima zimeukata mkono unaozilisha. Hata amri ya kuiwasha tena haiwezi kusomwa. Katika /etc/network/interfaces iandikwe kwamba usb0 ni ya manual, na programu yoyote ya DHCP iondolewe humo, kwani anwani iliyopangwa na kerneli yenyewe inatosha.