Kinachotisha si Linux, ni lugha ya mafundi

Yapo mambo ambayo binadamu huyaogopa kabla hajayaona. Mtoto akiambiwa kuna zimwi mtoni, atakua bila kuyakaribia maji hayo, ingawa hapana aliyewahi kumwonyesha zimwi lenyewe. Katika ulimwengu wa tarakilishi zimwi hilo lina jina, nalo ni Linux. Litaje jina hilo katika chumba cha walimu, kiwe cha Kitale au cha Bungoma, na aghalabu utajibiwa, "Hayo ni mambo ya mafundi."

Je, msomaji mpenzi, jibu hilo limetoka wapi? Mimi ni mwanaisimu wala si mhandisi, na kila ninapolisikia huzidi kuamini kwamba tatizo hili ni la lugha kuliko la mitambo.

Kwanza tuelewane. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka pindi tarakilishi inapowashwa, ikasimamia kumbukumbu, kiwambo, kibodi na programu nyingine zote. Wengi wetu tunaujua mmoja tu, Windows wa kampuni ya Microsoft, kwa kuwa ndio tuliokutana nao siku ya kwanza. Linux ni mfumo mwingine. Kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, uliotangazwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983, kwa imani kwamba mtumiaji ana haki ya kuichunguza programu, kuibadilisha, na kumpa jirani nakala yake. Ndiyo sababu matoleo mengi ya Linux hupatikana bila malipo.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11, uliourithi, hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na aina mahususi za vichakato. Tarakilishi nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti hayo. Sasa hebu tujiulize: zile za shuleni kwetu, ambazo nyingi zilifika kama msaada baada ya kutumika kwingine, ziliundwa lini?

Nimezuru shule kadhaa kando ya barabara itokayo Kitale, ikapitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na hatimaye kufika Bungoma mjini. Katika mojawapo nilikuta tarakilishi zimefunikwa vitambaa.

"Zimeharibika, Mwalimu?" nikamwuliza mhusika.

"La, Daktari, ni nzima. Ila zimezeeka, haziwezi kubeba Windows mpya. Tunangoja fedha."

Nilipomtajia Linux alitabasamu kwa heshima. "Hiyo, Daktari, tuwaachie wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?"

"Wale wanaoandika maandishi meupe kwenye kiwambo cheusi."

Wakati akisema hayo, mwalimu huyo alikuwa na simu ya Android mkononi. Kiini cha Android ni Linux. Yule anayedai kwamba Linux ni ya wenyewe huutumia kila siku kumtumia mkewe ujumbe, kutazama habari na kupiga picha za mazao yake. Hakuna aliyemtisha kwa jina hilo dukani, basi hakutishika. Na tusisahau M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2007. Mama muuza mboga hakusomeshwa jinsi kadi ya simu inavyowasiliana na mitambo ya kampuni. Aliambiwa mambo mawili: kutuma pesa na kutoa pesa. Hayo yakamtosha.

Hapa ndipo ninapowalaumu mashabiki wa Linux, ingawa nami ni mmoja wao. Husifu mfumo wao kwa kueleza jinsi ulivyoundwa badala ya kueleza unavyomfaa mtu. Mgeni akiuliza kama ataweza kuandika barua, huhadithiwa habari za kiini na ganda. Mkulima wa Trans Nzoia apelekapo mahindi kusagwa haelezwi mota ya kinu huzunguka mara ngapi kwa dakika. Huelezwa bei ya kusaga gorogoro moja, naye akaamua.

Kosa la pili ni la maagizo. Mwanafunzi akiuliza jinsi ya kusakinisha programu, mjuzi humpa mstari wa amri auchape kwenye kiwambo cheusi. Mjuzi ana sababu yake: matoleo ya Linux yana sura nyingi, lakini amri moja huweza kufaa katika matoleo mengi, tena ni rahisi kuituma kwa maandishi kuliko kueleza kitufe kipi kibofyezwe. Hata hivyo, kwa mgeni mstari huo ni kama maneno ya mganga. Ukikosea herufi moja, dawa haifanyi kazi. Mgeni hajui kwamba kazi hiyo hiyo ingefanywa kwa kubofya kipanya mara tatu, kwa hiyo huondoka akiamini kwamba kiwambo cheusi ndicho Linux yenyewe.

La tatu ni la kijamii. Katika isimujamii twafundisha kwamba msimbo wa kikundi una kazi mbili: kuwaunganisha walio ndani na kuwazuia walio nje. Makanga wa matatu wanaposemezana kwa Sheng, abiria hujua kwamba maneno hayo si yake. Ndivyo ilivyo kwa baadhi ya wajuzi wa tarakilishi. Ugumu wa maneno umekuwa beji ya uanachama, nao hawana haraka ya kuivua.

Tazama jina la toleo moja mashuhuri, Ubuntu, lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Ni neno la lugha za Wanguni, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Msemaji wa Kibukusu, ambaye mtu kwake ni "omundu", hahitaji kamusi kuusikia udugu huo. Kaulimbiu yake ya mwanzo ilitangaza kwamba hiyo ilikuwa Linux ya wanadamu. Kumbe basi wenyewe walikwisha kung'amua kwamba wanadamu wa kawaida walijihisi wamesahauliwa!

Wala Kiswahili hakikukosa maneno. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Istilahi zilibuniwa na wataalamu wakazijadili. Hata hivyo, katika shule nilizozuru sijakuta hata moja inayozifundisha.

Haki itendeke, lakini. Hofu ya walimu si ndoto tupu. Fundi wa mjini anaijua Windows, na tarakilishi ikikwama ndiye atakayeitwa. Waraka uliopangwa kwa Word huweza kuvurugika kidogo ukifunguliwa kwa LibreOffice. Zipo programu zisizokubali Linux kabisa, na zipo printa zinazosumbua. Anayeficha hayo atawapoteza wafuasi wake siku ya pili. Ndiyo maana sisemi kila tarakilishi igeuzwe leo.

Nasema tuanze na moja. Matoleo kama Ubuntu na Linux Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye kijiti cha USB, yakajaribiwa bila kufuta chochote kilichomo. Linux Mint hudai kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, ingawa 4 ni bora. Mwalimu na achukue tarakilishi moja iliyofunikwa kitambaa, aifunue, awaachie wanafunzi waandike insha na kukokotoa alama. Asitaje kiini wala ganda. Atakayetaka kuyajua ya ndani atayafuata mwenyewe baadaye, na huyo ndiye atakayekuwa fundi wa kesho mjini Kitale au Bungoma.

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Lakini iwapo mwenye taa huzungumza na wenye taa wenzake tu, lawama za giza hilo tusiwatupie walio nje. Walimu wa lugha na wa tarakilishi hawana budi kuketi pamoja, waandike mwongozo wa kurasa chache, kwa Kiswahili, unaojibu swali la kwanza la kila mgeni: kitu hiki kitanifaa nini? Vyumba vyenye tarakilishi nzima zilizofunikwa vitambaa vinausubiri.