Ndururu, hela na rejista: kujenga mkusanyiko wa sarafu adimu bila kupoteza pesa zako za simu

Kuna meseji ya utapeli ambayo haichoki kuzunguka. Inasema kuna mnunuzi anatafuta sarafu za zamani za Kenya, hasa ile ya shilingi 40 yenye picha ya Rais Kibaki, na eti analipa laki kadhaa kwa moja. Wewe piga picha ya sarafu, kisha tuma "ada ya usajili" kwa simu ili jina lako liingie kwenye orodha ya wauzaji. Ukishatuma, inakuja ada ya kibali. Halafu ya mjumbe. Ukichoka kutuma, namba haipatikani tena.

Tungeweza kukwambia tu usitume, tukaishia hapo. Lakini tumeona afadhali tueleze soko lenyewe la sarafu linavyofanya kazi, kwa sababu lipo kweli, na mtu anayelielewa ni vigumu kumkoroga. Na kwa wateja wetu wa Kwale, kutoka Diani hadi Vanga, historia ya sarafu imepita mlangoni kwenu.

Tuanze na hiyo arobaini. Ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikasambazwa kama pesa ya kawaida, na mpaka leo ziko kwenye droo na vikopo vya nyumba nyingi. Ni kumbukumbu nzuri. Si mali ya laki tano. Uzee peke yake, au picha ya rais peke yake, haifanyi sarafu kuwa ghali. Vinavyoangaliwa ni vitatu: ziko ngapi zilizobaki, ziko katika hali gani, na kuna watu wangapi wanaozitaka.

Hapo kwenye "wanaozitaka" ndipo rejista inapoingia.

Rejista ni mashindano

Marekani kuna kampuni mbili kubwa za kukagua sarafu, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987. Unawapelekea sarafu, wanaamua kama ni halali, wanaipa gredi kutoka 1 hadi 70, kisha wanaifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Kipimo hicho cha 1 hadi 70 kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949. Sarafu iliyozunguka sokoni ikachakaa kiasi huangukia 20 au 30 hivi, na kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika kununulia kitu.

Tangu 2001 kampuni hizi zina rejista kwenye intaneti. Unachagua seti, kwa mfano shilingi zote za mfalme fulani kwa kila mwaka, na kila nafasi ndani ya seti unaijaza kwa namba ya kasha lako. Kila sarafu ina pointi zake kulingana na gredi na uadimu. Nafasi tupu haina pointi. Jumla yako inawekwa kando ya jumla za wengine wanaojenga seti hiyo hiyo, awe yuko London au Dar es Salaam, na kila mwaka walioongoza wanatambuliwa.

Kwa hivyo anayeshindana hatafuti sarafu nyingi. Anatafuta moja bora kwa kila nafasi, halafu anauza ile ya zamani akipata iliyo juu yake. Ndiyo maana sarafu mbili ambazo kwa macho yako na yetu ni mapacha, moja gredi 64 na nyingine 65, zinaweza kutofautiana bei sana. Kinacholipiwa pale ni nafasi kwenye orodha.

Kuna mtego hapa pia. Kampuni hizo huchapisha idadi ya sarafu walizokagua kwa kila gredi. Sarafu za kwetu zilizopelekwa huko ni chache ukilinganisha na za Marekani, kwa hivyo ni rahisi yako kuandikwa kwamba hakuna iliyo juu yake. Raha kweli. Lakini siku mtu akifungua mfuko wa sarafu mpya uliosahauliwa benki akazipeleka zote, sifa hiyo inayeyuka na bei nayo. Sisi tungelipia sifa hiyo kwa tahadhari.

Herufi ndogo inayobadilisha bei

Neno utakalokutana nalo ni "aina ndogo". Maana yake ni sarafu zenye thamani moja na mwaka mmoja, lakini zilitoka viwanda tofauti au zilipigwa kwa mihuri tofauti. Hapa Afrika Mashariki tumejaliwa.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919. Mwaka 1920 ikaleta florini badala ya rupia, na mwaka uliofuata tu ikaigeuza, ikaja shilingi. Florini za 1920 zilirudishwa na nyingi zikayeyushwa, ndiyo sababu leo ni ngumu kupata. Shilingi yenye simba na milima nyuma yake ndiyo wazee wetu walioijua. Hadi 1946 ilikuwa na fedha robo tu, na kuanzia 1948 haikuwa na fedha hata kidogo. Mtu akikuuzia ya 1952 kwa bei ya madini ya fedha, mwachie.

Sasa chukua lenzi uangalie herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, na hakiko mbali na hicho cha kwanza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi nyingine ilihamishwa karibu zaidi na sisi, ndipo zikatokea I ya Bombay na SA ya Pretoria. Shilingi ya 1944 ipo ya H na ipo ya SA. Kwa dukawalla wa wakati ule ilikuwa shilingi tu. Kwenye rejista zinaweza kuwa nafasi mbili.

Ukitaka mahali pa kuanzia bila kuuza mbuzi, anza na ndururu na peni za 1936. Mfalme Edward VIII alitawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo akajiuzulu kabla ya kuvishwa taji, na sarafu za Uingereza zenye kichwa chake hazikutolewa kwa umma. Lakini senti 5 na senti 10 za huku zilikuwa na tundu katikati, hazina kichwa cha mtu, jina tu. Zikapigwa kwa jina lake zikaja kununulia chumvi na kibiriti. Senti 10 ya mwaka huo ipo yenye H, ipo yenye KN, na ipo isiyo na herufi. Zilipigwa kwa mamilioni kwa hivyo si ghali, isipokuwa kwa ile ambayo bado inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo ndiyo wanaoshindana wanaitafuta.

Zamani za Kenya huru nazo zina mambo. Sarafu zetu za kwanza zina tarehe 1966, na hadi 1968 picha ya Mzee Kenyatta haikuzungukwa na maandishi. Kuanzia 1969 yakaongezwa maneno ya kumtaja kuwa rais wa kwanza. Senti 25 iliachwa mapema. Shilingi 5 ya 1973 yenye pembe tisa, ya ukumbusho wa miaka 10 ya uhuru, ndiyo ambayo wakusanyaji wengi wa hapa wanaikosa. Na seti ya mwisho ya nchi yetu unaweza kuijenga leo kwa chenji ya matatu: twiga, kifaru, simba na ndovu za 2018, zilizokuja kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu kwenye pesa.

Hela ya Tabora

Tukivuka mpaka pale Lunga Lunga tunaingia nchi ya hela. Neno lenyewe linatokana na Heller, senti ya Wajerumani, ambayo tangu 1904 mia moja zilifanya rupia moja. (Na "pesa" ni ndugu ya paisa ya Wahindi. Tunafanya kazi kwenye kampuni ya pesa, ilibidi tuliseme.)

Vita vya Kwanza vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari na sarafu hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora: hela 5 na hela 20 za shaba na shaba nyeupe, pamoja na rupia 15 za dhahabu yenye ndovu, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Zote zina herufi T. Mihuri ilitengenezwa kwa mkono na haraka, basi hela 20 ina taji kubwa na taji dogo, na upande wa pili herufi L zina ncha iliyochongoka kwenye nyingine na iliyojikunja kwenye nyingine. Mtu anaweza kutumia miaka kukamilisha aina hizo zote, na bado ni sarafu iliyotengenezwa kwa miezi tu, maana Tabora ilichukuliwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916.

Ile ya dhahabu ina nakala bandia kila mahali. Halali ina uzito wa karibu gramu 7.17. Mizani ndogo ya sonara inakuokoa hapo. Vilevile usibabaike na riale ya Maria Theresa. Kila moja imeandikwa 1780, hata ile iliyopigwa juzi, kwa kuwa tarehe hiyo haikubadilishwa. Anayemwambia mtalii wa Diani kwamba ina miaka zaidi ya 200 huenda anajidanganya na yeye mwenyewe.

Mstari wa 1895

Hapa tafadhali soma polepole, hasa ukiwa Shimoni, Gazi au Vanga.

Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati yake Septemba 1888 na kuwa na kituo Shimoni, ilipiga sarafu zenye jina la Mombasa. Pesa moja ya shaba ina mizani, maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1306, na rupia ya fedha ina mwaka 1888. Sultani Barghash wa Unguja naye alikuwa na pesa yake yenye mizani tangu 1882. Zote hizi zilitumika pwani yetu.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kupeleka Marekani kukaguliwa ni kutoa nje ya nchi. Ukichimba msingi wa nyumba ukakuta sarafu za kale, unatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Taifa ndani ya siku saba, ukieleza mahali hasa ulipozipata. Mnunuzi anayekwambia "hii tutaipitisha kimyakimya, nipe tu pesa ya mjumbe" anakuingiza kwenye kesi, tena kwa pesa zako.

Usiisugue

Limau, majivu, mchanga, dawa ya meno: acha. Sarafu iliyosuguliwa inatambuliwa na mkaguzi papo hapo, inanyimwa gredi ya namba, na bila namba haina pointi. Vivyo hivyo ile ambayo bibi aliichomea kipete ivaliwe shingoni. Hiyo ibaki ya familia, ina thamani nyingine kabisa.

Hewa yetu ya chumvi inakula shaba. Usizihifadhi kwenye vifuko vya plastiki laini inayonuka, huacha utando wa kijani. Bahasha ya karatasi, kopo linalofunga vizuri, na kile kijipakiti cha kukausha unachokuta kwenye sanduku la viatu vinatosha kuanza.

Na usikimbilie kukagua kila kitu. Ada ni ya dola, kuna usafirishaji kwenda na kurudi, na kuna bima. Ndururu ya shilingi 200 haitarudisha gharama hiyo hata ikipata gredi nzuri.

Pesa inavyotembea

Mnunuzi halisi hakuombi pesa. Yeye ndiye anayelipa. Ukiwa muuzaji na mtu anadai utume kwanza, hata shilingi 100, mazungumzo yameisha.

Ukiwa mnunuzi, soma namba kwenye kasha, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyokagua, na linganisha picha iliyopo pale na sarafu uliyoshika. Makasha bandia yapo. Kwa muuzaji wa duka, lipa kwa namba ya till, na jina likitokea kabla ya kuweka namba ya siri, lisome kweli. Kwa mtu binafsi, kutaneni mahali penye watu, na ulipe sarafu ikiwa mkononi. Tunaweza kukusaidia kurudisha pesa uliyotuma kwa namba uliyokosea. Hatuwezi kuirudisha kwa sababu sarafu iligeuka kuwa bandia, kwani muamala wenyewe ulikuwa sahihi.

Na ukiwa wewe ndiye unayepokea, usiitegemee meseji peke yake, kwani meseji za kughushi hufanana sana na zetu. Fungua menyu, angalia salio lako mwenyewe. Likiwa limeongezeka kwa kiasi mlichokubaliana, mpe sarafu yake.