Bomba la Hoima–Tanga: Siku moja Sojo ni siku moja Chongoleani

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilometa 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Kilometa 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania. Lakini anayepanga ratiba ya kazi hiyo hukodolea macho mahali pengine kabisa: Sojo, wilayani Nzega, mkoani Tabora.

Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na yakipoa huganda. Kwa hiyo kila kipande cha bomba huvikwa tabaka la kuhifadhi joto kabla ya kufukiwa, na kazi hiyo inafanyika katika kiwanda kimoja tu, cha Sojo. Hata vipande vya upande wa Uganda hupitia hapo.

Tuseme kuchimba mtaro wa sehemu fulani ni wiki tatu, na kupata mabomba yaliyokwisha kuvikwa ni wiki nane. Ulazaji hauanzi mpaka vyote viwili viwepo. Wachimbaji wakichelewa wiki nne, hakuna kilichoharibika, kwani walikuwa na nafasi ya wiki tano. Kiwanda kikisimama siku moja, kila kinachofuata kinasogea siku moja. Mlolongo huo usio na nafasi ndio wataalamu huuita njia muhimu. Kuongeza vibarua mtaroni hakuufupishi hata kwa saa moja, ingawa mbele ya kamera hupendeza.

Hesabu hii si ngeni. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani na wataalamu wa Remington Rand waliianza kwa ajili ya ujenzi na matengenezo ya viwanda. Mwaka uliofuata Jeshi la Majini la nchi hiyo likabuni mbinu ya jirani, PERT, kwa makombora ya Polaris yanayorushwa kutoka nyambizi.

Kwa mradi wa nchi mbili, ugumu upo kwenye maungio. Visima vya Tilenga chini ya TotalEnergies, vya Kingfisher chini ya CNOOC, bomba lenyewe, matangi na gati la Chongoleani: kimoja kikibaki nyuma, vilivyokamilika vinasubiri. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulipotangazwa Februari 2022, mafuta ya kwanza yalitarajiwa 2025. Mwaka huo ulipita bila meli kupakia.

Lipo pia jambo ambalo mchoro wa mtandao hauonyeshi. Kwenye karatasi, ulipaji wa fidia ni kisanduku kimoja kabla ya kukabidhiwa ardhi, na kikiwa na nafasi kinaweza kusogezwa bila kuchelewesha chochote. Kijijini hali ni nyingine. Mali nyingi katika ukanda wa bomba zilithaminiwa 2018 na 2019, na wenyewe wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu wala kujenga. Wengi walianza kulipwa 2021 na kuendelea.

Mgomba huzaa ndani ya mwaka mmoja na miezi michache. Ule uliokatazwa kupandwa 2019 ungekuwa umekwisha kukatwa mkungu wake wa kwanza kabla fedha hazijafika.