Miguu ya Kifaranga

Kuku hufugwa katika vijiji vingi vya Kivu Kaskazini. Katika milima ya Masisi, penye majani mengi na baridi ya asubuhi, kuku hukaa pamoja na mbuzi na ng'ombe. Katika wilaya ya Walikale, penye joto na msitu mkubwa, hutembea chini ya migomba na kuparua udongo karibu na mashamba ya mihogo. Watu wengi hawana ng'ombe, lakini mwenye kuku mmoja si mtu asiye na kitu. Mayai huliwa, au huuzwa sokoni ili kununua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

Tena kuku ni mali inayohamishwa upesi. Katika miaka ya vita, na hata katika miaka ya 2024 na 2025, watu wengi wa Masisi na Walikale walikimbia vijiji vyao. Ng'ombe hawezi kufichwa, na wengi waliibwa. Kuku hubebwa kwapani. Mtetea mmoja akibaki, aweza kujaza ua tena. Ndiyo sababu mtu mwenye akili hadharau kifaranga hata mmoja.

Mtetea huatamia mayai yake kwa muda wa siku 21. Kifaranga akitoka katika ganda, amelowa na amechoka. Miguu yake haina nguvu kwa saa chache. Hilo si ugonjwa. Aachwe chini ya mama yake apate joto na kukauka. Lakini siku ya kwanza ikiisha, lazima aweze kusimama na kutembea. Kama bado analala juu ya kifua, na mguu mmoja umekwenda kulia na mwingine kushoto, basi miguu yake imetanuka.

Je, miguu hutanuka kwa sababu gani? Kila mtoto aliyeshuka mlima wakati wa mvua anaijua njia ya utelezi. Akikanyaga tope laini, miguu yake huachana, naye huanguka. Lakini yeye ana mifupa migumu na misuli yenye nguvu. Huinuka akaendelea na safari. Kifaranga mchanga hana nguvu hizo. Mifupa yake ni laini bado. Akikaa juu ya kitu chenye utelezi, kama beseni, bati, karatasi laini au jani bichi la mgomba, miguu huteleza kila anapojaribu kusimama. Akiteleza hivyo mara nyingi, misuli hunyoshwa vibaya, na mguu huanza kukua upande usio wake.

Jambo hili huwapata ndege wengine pia. Katika nchi ya Australia yuko kasuku mdogo sana, mwenye rangi ya kijani na ya manjano. Mwaka 1840 John Gould, mtaalamu wa ndege, aliwapeleka kasuku hao Uingereza wakiwa hai, na leo hufugwa katika nyumba nyingi duniani. Kinda wake huzaliwa bila manyoya, tena macho yamefumba. Ikiwa sanduku la kiota lina sakafu bapa yenye utelezi, na mama amemlalia kwa uzito, miguu yake hutanuka kama ya kifaranga wa kuku. Kwa hiyo wafugaji huchonga sakafu ya sanduku iwe na shimo kama bakuli, kisha hutia maranda ya mbao.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aishiye katika misitu ya Walikale, hahitaji sanduku la mtu. Hutaga katika tundu la mti, na makinda hukaa juu ya vipande vya mti uliooza. Hapo kucha zao hupata mahali pa kushika. Kinda huyo asitolewe katika tundu lake. Kasuku hao wamepungua sana, na mwaka 2016 nchi nyingi zilizokutana Johannesburg zilikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa msituni.

Turudi sasa kwa kuku. Kifaranga mwenye miguu iliyotanuka aweza kuponywa, mradi kazi ianze mapema. Wazee wasema, samaki mkunje angali mbichi. Katika siku za kwanza mifupa hutii. Baada ya juma moja au zaidi huwa imeanza kukaza, na kuinyosha ni vigumu sana.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza, mahali pa utelezi paondolewe. Chini patandikwe nyasi kavu, au gunia safi, ili kucha zishike.

Pili, utafutwe utepe wa kitambaa laini, wenye upana wa nusu ya kidole cha mtoto. Uzi mwembamba haufai, maana hukata ngozi. Mtu mmoja amshike kifaranga kwa upole, na mwingine afunge. Ncha moja ya utepe huzungushwa kwenye mguu mmoja, juu kidogo ya vidole na chini ya kiungo cha nyuma. Ncha ya pili huzungushwa kwenye mguu mwingine vivyo hivyo. Katikati ubaki utepe wenye urefu kama upana wa vidole viwili, ili miguu ikae chini ya mwili, isiachane wala isigusane. Utepe usikazwe. Mguu ukivimba, ukiwa baridi au ukigeuka rangi, damu haipiti; utepe ulegezwe mara moja.

Tatu, kifaranga asaidiwe kula na kunywa. Siku ya kwanza ataanguka mara nyingi, maana hajazoea. Mdomo wake upelekwe penye maji taratibu. Chombo cha maji kiwe kifupi, na ndani yake kuwe na vijiwe, kwa sababu kifaranga aliyefungwa miguu hufa maji upesi hata katika kisahani.

Nne, alindwe na baridi. Katika milima ya Masisi usiku ni baridi sana, na kifaranga aliye peke yake hafiki asubuhi. Mama yake akimkubali, alale chini ya mbawa zake. Kama wenzake wanamdonoa na kumkanyaga, awekwe katika kikapu mahali penye joto ndani ya nyumba, pasipo moshi, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri katika nguo.

Kila siku utepe hufunguliwa na miguu hutazamwa. Kifaranga hukua haraka, na utepe wa jana waweza kumbana leo. Mara nyingi siku tatu au tano zatosha. Akiweza kusimama na kutembea bila utepe, hafungwi tena.

Lakini si kila ubaya wa miguu huponywa kwa utepe. Pengine kifaranga wa juma moja au mawili hukunja vidole vyake kwa ndani kama ngumi, akatembea juu ya visigino. Ugonjwa huo hutokana na chakula kisicho na vitamini B2 ya kutosha. Kifaranga anayelishwa unga wa mihogo tu hupata wanga, lakini hapati vitu vya kujenga mwili. Apewe yai lililochemshwa na kupondwa, majani ya lengalenga yaliyokatwa vidogo, na mchwa. Huko Masisi, wanakotengeneza jibini, maji yanayobaki katika maziwa yafaa sana, kwa kuwa yana vitamini hiyo. Akicheleweshwa, mishipa ya fahamu huharibika, wala haiponi tena.

Kuku mkubwa zaidi, wa majuma sita au zaidi, akilemaa ghafula, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, yamkini ana ugonjwa wa Marek. Na kuku wengi wakipinda shingo, wakipooza na kufa kwa siku chache, yamkini ni kideri. Magonjwa hayo huambukiza. Hapo utepe haufai kitu. Wagonjwa hutengwa, mikono huoshwa kwa sabuni, na mganga wa mifugo huitwa. Kuku wagonjwa wasipelekwe sokoni, maana ugonjwa husafiri nao mpaka kijiji cha pili.

Pengine kifaranga hufungwa vizuri, hulishwa vizuri, na bado hasimami. Hutokea hivyo. Lakini wengi huachwa wafe siku ya pili, kabla mtu yeyote hajatazama miguu yao. Kazi hii haitaki fedha. Yataka kipande cha nguo kuukuu, na mtoto anayeinama kila asubuhi kuwahesabu vifaranga na kuwatazama wanavyotembea.

Maswali

1. Kifaranga hutoka katika yai baada ya siku ngapi?
2. Taja vitu vitatu vyenye utelezi visivyofaa kutandikwa chini ya vifaranga.
3. Kwa nini utepe hufunguliwa kila siku?
4. Kifaranga aliyekunja vidole apewe chakula gani?
5. Watazame vifaranga wa nyumbani kwenu. Je, wanakaa juu ya nini? Wote wanasimama vizuri?